Kidole cha Shemegi

Nyumba yangu iko Ole, kwenye mteremko. Najua Pemba ukisema "kwenye mteremko" hujamwelekeza mtu popote, maana kisiwa chote ni kupanda na kushuka, lakini wangu una adabu zake: ukiangusha dafu mlangoni, huendi kuliokota, unakwenda kuliulizia kwa jirani.

Pesa za kuanzia zilitoka kwenye karafuu. Msimu ule mikarafuu ya marehemu babu ilizaa mpaka matawi yakaomba kushikiliwa, na mimi, mwalimu wa sayansi wa skuli, nikajiona nimeshakuwa mtu wa kujenga. Fundi wa mtaani kwetu, mzee ambaye sote tunamwita Ami, akanitajia bei yake ya kupima na kunyanyua msingi. Haikuwa bei mbaya. Ila niliigeuza kuwa mabati kichwani mwangu, nikaona nusu ya paa inaondoka, nikamwambia, "Ami, nitafikiri."

"Fikiri mwalimu," akasema, akapanda baiskeli yake.

Nilifikiri usiku mmoja tu. Mtu anayesimama kila mwaka mbele ya ubao kufundisha kwamba pembetatu ya 3, 4 na 5 ina pembe mraba, amlipe mwenziwe kwenda kuitafuta pembe hiyo shambani?

Na nisijidharau bure, pembe niliipata. Nyumba ni futi 40 kwa 30. Nilipiga vigingi, nikavuta uzi wa nailoni (kamba ya usumba muiache kwenye ng'ombe, ikirowa ni nyengine, ikikauka ni nyengine), nikapima kona kwa kona. Lazima isome futi 50 barabara. Ikizidi au ikipungua, unasogeza kigingi mpaka ikubali, halafu unapima na ile kona kwa kona ya pili, nayo isome 50. Wapo wanaopima futi 3 kwa 4 pale pale kwenye kona wakaridhika. Hao wanajidanganya: ukikosea robo inchi kwenye futi 3, ukiuvuta uzi hadi futi 30 umekosea inchi mbili na nusu, na mlango utakuja kukusema. Zangu zilisoma 50 na 50. Nikapiga picha, nikaituma kwenye kundi la familia. Dada yangu wa Unguja akajibu, "Mashallah, injinia." Nadhani ni neno hilo lililoniponza.

Ikabaki kupata usawa. Kwenye mteremko macho hayana kazi, yanakuongopea mchana kweupe. Njia ni ya zamani na ni rahisi: unachukua mpira mwembamba wa maji unaoonesha ndani, unaujaza maji, ncha moja kwenye kigingi cha huku, ncha ya pili kwenye kigingi cha kule. Maji yatasimama kimo kimoja pande zote mbili, hata kati yake kuwe na shimo, mnazi na banda la mbuzi. Unatia alama huku, unatia alama kule, basi. Nimelifundisha somo hilo kwa miaka kumi na moja.

Nikenda mjini Chake nikanunua mpira futi 60. Nikaujaza kwa kunyonya kutoka kwenye ndoo, si kwa bomba, ili usijazane hewa. Nikaunyoosha, nikaupiga makofi mpaka vipovu vikatoka vyote. Mpaka hapo hakuna wa kunikosoa.

Kisha ujuzi ukanizidi. Nikaona maji meupe ndani ya mpira mweupe hayasomeki vizuri, hasa juani. Nikaingia jikoni, nikachota ile rangi nyekundu anayotilia ubuyu mke wangu, nikaikoroga kwenye ndoo, nikaujaza mpira upya. Maji yakang'ara kama mafuta ya gari. Nikajipongeza peke yangu.

Nikawa sina mtu wa kunishikia ncha ya pili. Ilikuwa Ijumaa, watu ndio wanatoka msikitini, na shemegi yangu, kaka wa mke wangu, akapita na kanzu yake nyeupe imepigwa pasi hadi inakata.

"Shemegi, nishikie hapa dakika tano tu."

"Mwalimu, nna kanzu."

"Ni maji tu, yakhe."

"Mbona mekundu?"

"Ubuyu."

Akautazama mpira. Akaitazama kanzu. Ni mtu mstaarabu, hakuweza kukataa. Na hapa naweka maneno yangu kama nilivyoyatamka, kwa sababu yamekuwa yakinukuliwa kwenye kila harusi ya ukoo tangu siku hiyo. Nilimwambia: "Shuka nao polepole, na angalia yasimwagike hata tone."

Akashuka hadi kigingi cha bondeni. Nikapiga kelele kutoka juu, "Yametulia?"

"Yametulia!"

"Hayachezi?"

"Hayachezi hata kidogo!"

Sasa mtu yeyote aliyewahi kuushika mpira ule anajua kwamba maji hayatulii mara moja. Yanapanda, yanashuka, yanapanda tena kidogo, kama mtoto anayetafuta pa kulalia. Haya yalisimama palepale kama askari wa zamu. Mwalimu wa sayansi nikaona hiyo ni dalili ya mpira mzuri. Tukatia alama kona mbili za bondeni, shemegi akanirudishia ncha yangu, kanzu yake safi vilevile, akenda zake kula.

Wiki iliyofuata nikashika mwiko. Nilikuwa na kijana mmoja wa kunichanganyia udongo na kunisogezea tofali. Kwa kuwa zege la chini lilifuata alama na uzi ulifuata alama, kazi ilikwenda mbio. Kitu kimoja tu kilikuwa kinanikera: pimamaji niliyoazima kwa jirani, ile rula ya mafundi yenye kichupa cha maji na kipovu ndani, kipovu hukaa kati panapokuwa sawa. Kila nikiilaza juu ya tofali, kile kipovu kinakimbilia upande wa mlimani. Kozi ya kwanza, yaani mstari wa kwanza wa tofali, mlimani. Ya pili, mlimani. Nikamwambia kijana, "Hii pimamaji imezeeka, rudisha."

Akairudisha.

Kila jioni Ami alikuwa akipita na baiskeli yake. Anasimama, anaegemeza mguu chini, anatazama msingi muda mrefu kuliko salamu inavyohitaji.

"Hongera mwalimu. Naona inakwenda."

"Inakwenda Ami, alhamdulillahi."

Na anaondoka.

Kozi ya tatu ilikwisha, masika ikaingia. Usiku wa pili mvua ilipiga hadi tukafikiri bati linang'oka. Asubuhi nikatoka na mwavuli kwenda kuangalia mali yangu. Udongo wetu pale ni mwekundu na una kinamo, haunywi maji upesi, na ukuta wa bondeni ulikuwa umeyazuia kama bwawa. Kufika mchana yalikuwa yameshapungua, lakini yalipokuwa yamesimama yaliacha mstari mwekundu kwenye tofali, umenyooka kama uliochorwa kwa rula.

Kwenye kona ya bondeni mstari ulikuwa juu kabisa ya tofali la tatu. Nikaufuata ukuta kuelekea mlimani. Hatua chache, mstari umeshuka kwenye tofali. Kufika katikati ya ukuta ulikuwa unalikata tofali lile lile la tatu nusu kwa nusu. Nikarudi chini nikaanza upya, huenda nimehesabu vibaya. Nikahesabu kwa kidole, moja, mbili, tatu. Nusu vilevile.

Nakiri mbele yenu: kwa muda wa kama dakika moja nilijaribu kuamini kwamba maji ndiyo yaliyopinda.

Mke wangu alikuwa amesimama nyuma yangu na mtandio kichwani. Hakusoma sayansi. "Baba watoto," akasema, "kwani huu ukuta unakwenda kuteka maji mtoni?"

Jioni nikenda kwa Ami, sikungojea apite. Sikueleza mengi. Alikuja kesho yake, siku ya Ijumaa, na pimamaji yake kwenye kikapu cha baiskeli. Akailaza juu ya tofali, akatazama kipovu. Kisha akaigeuza, iliyokuwa ncha ya kulia ikawa ya kushoto, akatazama tena.

"Kipovu kimekwenda wapi mara ya kwanza?"

"Mlimani."

"Na sasa?"

"Mlimani."

"Basi pimamaji nzima, ukuta mgonjwa. Ingekuwa pimamaji mbovu, ukiigeuza na kipovu kingegeuka nayo." Akaniangalia. "Ile ya jirani uliigeuza?"

Nikamwambia niliirudisha.

Akapima kwa mpira wake mwenyewe: ukuta wa futi 40 umeshuka inchi 9. Tofali zima. Nikamuuliza, kwa sauti ya mtu aliyeonewa, kama yeye hakuliona hilo siku zote anapopita. "Nililiona kozi ya kwanza," akasema. "Lakini sikuulizwa, na wewe ni mwalimu. Nikakwambia inakwenda. Sikukwambia inakwenda wapi."

Ila alitaka kujua kosa liliingia wapi, kwa sababu vipimo vya kona kwa kona alivisifu. "Hebu ulete mpira wako, mfanye kama mlivyofanya siku ile." Shemegi akaitwa. Akatokea msikitini, kanzu ile ile, pasi ile ile. Alipoona maji mekundu alisita, lakini Ami ni mtu mzima, hakuna wa kumwambia hapana.

Mimi nikabaki juu. Shemegi akashuka na ncha yake taratibu, mkono mbali na mwili kama aliyebeba nyoka. Ami akashuka nyuma yake, mikono mgongoni. Akasimama kando ya kigingi akainama kutazama.

"Hiki kidole gumba kinafanya nini juu ya mpira?"

"Kinazuia," shemegi akajibu.

"Kinazuia nini?"

"Mwalimu alisema yasimwagike hata tone."

Kimya. Nikiwa futi arobaini juu yao niliisikia aibu ikipanda mteremko kunifuata. Miaka kumi na moja! Ncha zote mbili ziwe wazi, hewa izikandamize sawasawa, ndipo maji yatafute kimo chao: ni swali ambalo nimewahi kulitungia mtihani. Ukiziba ncha moja, maji yanabaki pale yalipo, na wewe unatia alama mahali mtu alipoamua kuushika mpira.

"Kidole ni cha safarini," Ami akasema, bila ukali. "Unaziba unapotembea. Ukifika unakitoa. Na kabla hamjaachana, mnaziweka ncha mbili pamoja, mnaona maji yako sawa, ndipo mmoja anakwenda zake." Akanyamaza kidogo. "Haya, toa kidole."

Nilitaka kupiga kelele. Wallahi nilifungua mdomo. Ncha yangu ilikuwa juu, ya shemegi ilikuwa bondeni, na kati yetu mpira umejaa ubuyu unaongoja ruhusa tu.

Shemegi ni mtiifu. Akatoa kidole.

Maji yalimpiga kifuani, yakashuka kwenye tumbo, yakaendelea. Hakukimbia wala hakuutupa mpira. Aliushikilia vilevile, akitazama mbele, mpaka upande wangu ukakauka. Ami alikuwa ameshasogea hatua mbili kando kabla hajasema "toa". Hilo nililikumbuka baadaye.

Kozi mbili za juu ziling'olewa, tofali 180 na ushei, 41 zikavunjika mikononi mwangu. Juu ya kozi iliyobaki Ami akamwaga zege, inchi 11 bondeni, inchi 2 mlimani, akaanza upya. Bei yake ilikuwa ile ile ya mwanzo, ila kubomoa alikuhesabu mbali. Mimi nilikuwa saidia fundi wake, na nilitumwa maji mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Kanzu ilifuliwa kwa sabuni, kwa ndimu, ikaanikwa juani wiki nzima. Rangi ya ubuyu haikubali. Nilimnunulia shemegi nyengine, nzuri zaidi, na huivaa kila Ijumaa msikitini. Akija kwangu lakini huvaa ile ya zamani, anakaa barazani upande wa barabarani, na wapita njia wanamuuliza, naye anaanza kuwaeleza kutoka mwanzo.