Leza haipulizi ubaridi

Mhariri, asante kwa makala kuhusu jinsi leza inavyopoza atomu. Ila sentensi moja imenikera: kwamba leza "hupuliza ubaridi". Leza haina ubaridi wowote. Joto la gesi ni mwendo wa chembe zake. Ukizipunguzia mwendo, umeipoza.

Simama kando ya Thika Road matatu ikija huku inapiga honi. Ikikukaribia sauti ni nyembamba, ikishakupita inakuwa nzito. Atomu nayo huupokea mwanga hivyo hivyo. Masafa ya leza (idadi ya mawimbi kwa sekunde) huwekwa chini kidogo ya yale ambayo atomu hufyonza. Atomu inayoikimbilia leza huyapokea yakiwa yamepanda, kwa hivyo hiyo ndiyo hasa inayofyonza mwanga, na kila fotoni, yaani chembe ya mwanga, huirudisha nyuma kidogo. Kisha atomu huutoa mwanga huo kuelekea popote, na misukumo ya kuutoa hufutana. Hayo hutokea mara mamilioni kwa sekunde!

Mwaka 1985, Steven Chu na wenzake huko Marekani walipoza sodiamu kwa miale sita ya leza hadi takriban mikrokelvini 240, yaani chini ya sehemu moja ya elfu ya digrii juu ya sifuri halisi, baridi ya mwisho kabisa. Lakini kupoza si kunasa: atomu zilizidi kuponyoka, mpaka nguvu za sumaku zilipoongezwa.

Chu aligawana Nobeli ya 1997 na William Phillips na Claude Cohen-Tannoudji. Huyu wa mwisho alizaliwa Constantine, Algeria, na makala hayakulitaja hilo. Nafundisha fizikia hapa Kayole, na wanafunzi wangu hukaa wima wakilisikia. Tafadhali liongezeni.