Maswali Matatu Pale Mapokezi

Jijini Cardiff, Wales, majeruhi wa kipigo anapofika idara ya dharura, karani wa mapokezi humuuliza alishambuliwa wapi, saa ngapi na kwa silaha gani. Majibu huondolewa jina, kisha hospitali huyapeleka kwa polisi na halmashauri ya jiji. Wapo wanaouita ushirikiano huo usaliti. Mgonjwa, wanasema, amekuja kutibiwa, hakuja kuandikisha maelezo. Akianza kuiona hospitali kama tawi la polisi, safari nyingine atabaki nyumbani na kidonda chake.

Hofu hiyo si ya kubezwa. Lakini wengi wanaoupinga mpango huu huuzungumzia kana kwamba umebuniwa na polisi. Mwasisi wake ni Jonathan Shepherd, daktari wa upasuaji wa kinywa na taya, aliyegundua kwamba wengi wa majeruhi wanaotibiwa hospitalini hawamo kabisa katika kumbukumbu za polisi. Mtu aliyepasuliwa uso kwa glasi huogopa kulipiziwa kisasi, au huogopa kuulizwa yeye mwenyewe alikuwa akifanya nini. Hunyamaza tu, na kwa kunyamaza kwake, doria zinaendelea kwenda panakopigwa simu, na panapomwagika damu hapana mtu.

Maswali yale matatu hayamtafuti aliyepiga wala aliyepigwa. Yanatafuta mahali. Majibu ya mwezi mzima yakijumlishwa, baa fulani au kona fulani ya barabara huanza kujirudia, tena usiku uleule na saa zilezile. Hapo polisi wanajua pa kusimama, na halmashauri inajua leseni ya nani ya kuhojiwa.

Mwaka 2011 jarida la kitabibu la BMJ lilichapisha utafiti uliolinganisha Cardiff na miji mingine 14 inayofanana nayo. Cardiff, waliolazwa kwa majeraha ya kushambuliwa walishuka kutoka 7 hadi 5 kwa mwezi katika kila watu 100,000. Kwenye miji ile mingine walipanda kutoka 5 hadi 8. Nimeshasikia watu wakisema: wawili tu? Jiji lenye zaidi ya watu 300,000, wawili hao ni zaidi ya 70 kwa mwaka. Ni mataya 70 na zaidi, macho, mafuvu, vitanda vya wodini. Na hapo hatujawahesabu ambao wangeongezeka endapo Cardiff ingefuata mkondo wa wenzake.

Utafiti huohuo una takwimu nyingine inayowapa wapinzani nguvu: mashambulizi madogo yaliyoandikwa na polisi wa Cardiff yaliongezeka, kutoka 15 hadi 20 kwa mwezi katika kila watu 100,000. Mimi naisoma kinyume na wao. Askari aliyesimama mahali sahihi hufika ugomvi ukiwa bado ni wa kusukumana, akauandika na kuuzima. Asipokuwepo, ugomvi uleule huishia kwa daktari wa taya. Kweli, miji haikupangwa kwa kura kama inavyofanywa katika majaribio ya dawa, kwa hiyo tofauti yote haiwezi kuwekwa kwenye mizani ya mpango huu peke yake. Hata hivyo mwelekeo wa namba hizi mbili, majeraha makubwa kushuka huku madogo yakionekana zaidi, ndio hasa ungeutarajia kama mpango unafanya kazi.

Pale ninapowapa wapinzani haki yao yote ni nyumbani. Baa ina watu mamia, ukiitaja hujamtaja mtu. Mwanamke aliyepigwa na mumewe amepigiwa kwake. Anwani ikiandikwa, kufuta jina hakumfichi, na mume akigongewa mlango na askari atajua nani kasema. Kwa majeruhi wa namna hiyo karani aandike neno moja tu, "nyumbani", bila mtaa wala namba, na mengine yabaki kati ya mgonjwa na muuguzi mpaka mwenyewe atakapoamua kusema.