Majalada ya Zamani: Kuyaskani Yote au Kuyachambua Kwanza?

Mfanyabiashara ambaye makabati yake yamejaa ankara, mikataba na vitabu vya hesabu vya miaka mingi hushauriwa aviingize vyote kwenye kompyuta. Ushauri huo una uzito, kwa sababu jalada la karatasi hukaa mahali pamoja, husomwa na mtu mmoja kwa wakati mmoja, na likiungua au kulowa halirudi. Risiti za karatasi ya joto, yaani zile zinazochapwa kwa joto bila wino, ndizo dhaifu kuliko zote: maandishi yake hufifia kwa joto na mwanga, na polepole hata zikifungiwa vizuri, na siku mkaguzi anapoziomba hukabidhiwa vipande vyeupe.

Hata hivyo, anayepima gharama ya kazi hii kwa bei ya skana amepima sehemu ndogo. Mashine hupitisha kurasa haraka. Kinachokula siku ni kung'oa pini, kunyoosha pembe zilizokunjika, kutenganisha ankara na hati ya kupokelea mzigo iliyobanwa nyuma yake, kisha kuipa kila faili jina ambalo mtu mwingine ataweza kulitafuta. Hapo ndipo miradi mingi hulegea, na matokeo yake ni maelfu ya picha zenye namba tupu, ambazo kwa maoni yangu ni mbaya kuliko kabati, kwani kabati walau lina vibandiko. Programu ya kutambua maandishi husaidia kwenye hati zilizopigwa chapa, lakini mwandiko wa kalamu na muhuri uliogongwa juu ya tarakimu mara nyingi huishinda.

Kwa upande wa sheria, sheria ya mfano ya Umoja wa Mataifa kuhusu biashara ya kielektroniki ya mwaka 1996 inasema kuwa taarifa haipotezi nguvu kwa sababu tu ni ya kielektroniki. Lakini kila nchi ina masharti yake, na hati ya umiliki au mkataba uliotiwa saini kwa wino ni vyema ubaki hata baada ya kuskaniwa.

Ningeanza na hati mpya zinazoingia leo, na za zamani niziskani pale tu zinapoombwa. Zilizopita muda wa kuhifadhiwa kisheria, na zisizohusika na kesi yoyote, zichanwe kabla ya skana kuwashwa.