Unga wa kutoka nje si lazima

Ndugu mwandishi, kwenye makala yako umeeleza vizuri jinsi ugonjwa wa siliaki, ambapo mwili haupatani na gluteni (protini iliyomo kwenye ngano), unavyoharibu utumbo mwembamba, ila uliposema mgonjwa lazima anunue unga maalumu kutoka nje umewatisha wazazi bure. Mwanangu anao, na tunaishi hapa Mtwara. Ugali wa muhogo, wali, mtama, ming'oko (viazi pori vya huku kusini), samaki, korosho, vyote havina gluteni. Inayomdhuru ni ngano, pamoja na shayiri na rai (nafaka jamii ya ngano), ambazo huku hatuzili.

Tabu ipo kwenye ngano iliyojificha. Unga wa lishe mara nyingi huchanganywa nayo, au husagwa kwenye mashine ileile. Samaki wa kukaanga huweza kupakwa unga wa ngano. Chipsi nazo zinapita kwenye mafuta yaliyokaanga maandazi! Sisi makopa, yaani muhogo mkavu, tunayatwanga wenyewe, kazi kwelikweli, lakini mtoto ameacha kuharisha na damu mwilini imeongezeka.

Tafadhali ongeza hili: mzazi asimwachishe mtoto ngano kabla ya vipimo. Kipimo cha damu hutafuta kingamwili, yaani protini za kinga ya mwili, ambazo hupungua mtu akiacha gluteni, hivyo majibu yanaweza kuonyesha hana ugonjwa kumbe anao.