Muulize mgonjwa siku ya kuchukua kinyama

"Dokta, mzee usimwambie, presha itapanda." Maneno haya ya ndugu wa mgonjwa wa saratani husemwa koridoni, kwa sauti ya chini, mlango wa chumba cha daktari ukiwa umerudishwa nusu. Mara nyingi daktari hukubali, kwa sababu anayesema ndiye aliyelipia kipimo, na ng'ombe wa kulipia dawa watatoka kwenye zizi analolisimamia yeye.

Ndugu hawana nia mbaya. Kosa la kwanza ni letu wahudumu: tunasubiri majibu yatoke ndipo tuanze kujiuliza nani aambiwe. Wakati huo familia imeshakaa kikao na kuamua. Swali liulizwe mapema, siku ile ya kuchukua kinyama, yaani kipande kidogo cha kupima kama ni saratani, mgonjwa akiwa bado hajui na sisi hatujui: "Mama, majibu yakitoka, nikueleze wewe mwenyewe, au kuna mtu ungependa nizungumze naye?" Jibu lake liandikwe kwenye faili. Mwanawe akija koridoni baada ya wiki mbili, unamwonyesha kwamba mama alishasema.

Jina la uongo huja na tiba yake. Mwenye saratani ya koo la chakula akiambiwa ana vidonda vya tumbo, atakwenda duka la dawa kununua vidonge vya vidonda, atakunywa maziwa, atajaribu na mitishamba. Ukimweleza habari ya kuwekewa mpira wa kulishia atashangaa: vidonda tu ndiyo nitobolewe tumbo? Atarudi siku hata mate hayapiti.

Saratani ya shingo ya kizazi ndiyo mtihani zaidi. Mionzi ya nje kwa kawaida hupigwa mara 25, siku tano kwa wiki, kisha hufuata ya ndani. Damu mara nyingi hukata mapema, dozi zikiwa hazijafika hata nusu. Mama aliyeambiwa "ni uvimbe kidogo" ataona amepona, atafunga mzigo kwa binti yake anayeishi Igoma, Mwanza, na kupanda meli kurudi kisiwani Ukerewe kupalilia. Kwa alichoambiwa, kaamua vizuri kabisa.

Halafu kuna lugha. Bibi anayezungumza Kisukuma tu hutafsiriwa na mwanawe, na mwana huchuja. Daktari anasema dakika mbili, tafsiri inatoka maneno manne. Mtafute muuguzi anayejua Kisukuma, au Kikerewe kwa wa visiwani. Katika wodi za Mwanza hukosi.

Namna ya kusema ni fupi. Salamu kamili kwanza, na kiti, usiseme umesimama. Muulize yeye anauelewaje ugonjwa wake, wengi wameshahisi. Mtangulizie: "Mzee wangu, majibu si mazuri." Kisha neno lenyewe, kansa, bila kulizungusha. Kisha nyamaza. Hapo ndipo wengi wetu tunaharibu, tunajaza ukimya kwa "Mungu mkubwa" na kuondoka.

Hata matumizi ya morfini ya maji, dawa ya maumivu makali, huathirika. Hunywewa kila baada ya saa nne: saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8, saa 12 jioni, na ya saa 4 usiku huweza kuongezwa maradufu ili mgonjwa alale, pamoja na dawa ya kulainisha choo. Ndugu anayeficha ugonjwa huificha na chupa, hampi mgonjwa mpaka alie kwa maumivu.

Wanaosema "mila zetu haziruhusu" wakumbuke kwamba wosia nao ni mila. Mzee wa Magu asiyejua hali yake atawaambia lini watoto ng'ombe yupi ni wa mahari aliyobakiza, nani anamdai, shamba la mpunga liende kwa nani? Ugomvi mwingi wa matanga huanzia hapo.

Wapo watakaojibu, "Ongea na mwanangu." Hilo nalo ni jibu halali, usimlazimishe kusikia. Ila muulize tena kliniki inayofuata, mwana akiwa ametoka kwenda dirisha la malipo.