Jol si chungu cha maua

Wiki iliyopita nilifika Stavoren, mji mdogo wa jimbo la Friesland, Uholanzi, ukingoni mwa ziwa la IJsselmeer. Mbele ya mgahawa mmoja nikakuta jol, mashua ya uvuvi ya huko, ya mbao, imejazwa udongo na kupandwa tulipu. Nilisimama pale mpaka chai niliyoagiza ikapoa. Mbao za mwaloni zimeachana hata ncha ya kidole changu ikaingia kwenye mshono. Kalafati, yaani nyuzi za kuziba mishono, imetoka, zimebaki nyuzi mbili tatu zikipeperuka.

Baba mkubwa alikuwa fundi wa vyombo vya baharini kule Matondoni, Lamu. Akituambia chombo hakifi kwa dhoruba tu, hufa pia kikiachwa juani. Ubao ukikauka hunywea, mishono ikafunguka. Ukiwa majini huvimba, ukajiziba wenyewe. Uwe mwaloni wao au mbambakofi wetu, tabia ni hiyo hiyo.

Na jol si chombo cha kufanyiwa hivi. Ilitokana na kazi ya wavuvi wa hapo hapo Stavoren, waliotega nyavu za kusimama kuvua samaki wa heringi na ansovi. Zile mbao mbili za ubavuni, ambazo vyombo vingi vya huko huteremsha ili upepo usivisukume kando, jol haina, maana zingenasa nyavu. Badala yake ina mkuku mzito, ule uti wa mgongo wa chini ya chombo, mlingoti mmoja, tanga moja pana, na tumbo la mviringo. Hakuna kipimo pale kilichowekwa kwa urembo. Anayeijaza udongo anafukia akili ya watu waliofikiri kwa mikono yao vizazi na vizazi.

Bahari yao ilikwisha fungwa. Tarehe 28 Mei 1932 pengo la mwisho la ukuta wa Afsluitdijk, kilomita 32, lilizibwa. Zuiderzee, bahari hiyo, ikawa ziwa, ndilo IJsselmeer, chumvi ikaisha, heringi na ansovi wakatoweka, wavuvi wakabakia na mikunga. Nakubali, mafuriko ya 1916 yaliua watu, na ukuta ule umeokoa wengi. Siwezi kubisha hilo. Lakini aliyepokonywa bahari asipokonywe na chombo.

Kuna makumbusho mazuri ya Zuiderzee mjini Enkhuizen, ng'ambo ya maji. Nimekwenda, nimefurahi. Ila mkono haujifunzi kukalafati kwa kutazama. Lemsteraak, aina nyingine ya chombo cha uvuvi, kutoka Lemmer, bado inatweka tanga kwa sababu watu waliendelea kuipenda majini, kwa matembezi na mashindano. Siku hizi nyingi ni za chuma, na wenyewe ni watu wa fedha. Hainipendezi sana, lakini zinakwenda.

Jioni, nikirudi kituoni, nilipita chelezoni, panapotengenezwa vyombo. Mzee mmoja alikuwa amepiga magoti chini ya jol yake, akigongelea nyuzi kwenye mshono. Mlio ule nimeusikia utoto wangu wote. Nilimwamkia kwa Kiholanzi changu kibovu, nikamwambia baba mkubwa alifanya kazi hii. Hakusema neno. Alinipa nyundo, akanionyesha kwa kidole pa kuanzia.