Popo wa Vienna, na mpasho usiotunzwa

Kila tarehe 31 Desemba jumba la opera la taifa hapa Vienna hupiga Die Fledermaus, yaani Popo, opera ya kuchekesha. Mimi huenda kusimama, maana tiketi za kusimama bei yake ndogo. Ukishapata nafasi unafunga skafu kwenye reli, na hapo hakuna wa kukugusia mpaka urudi. Mimi hufunga kanga.

Johann Strauss, aliyeitunga, aliiongoza mwenyewe mara ya kwanza, tarehe 5 Aprili 1874, mji ukiwa bado unauguza kidonda cha soko la hisa lililoporomoka Mei 1873. Mambo yenyewe ni kudanganyana tu. Bwana Eisenstein anatakiwa jela, anakwenda dansani. Mkewe anamfuata huko na kinyago usoni, anajifanya bibi wa Kihungari. Na Adele, mtumishi wao wa ndani, naye yupo, kavaa gauni la bibi yake.

Bwana anamshtukia. Adele hatetereki. Anaanza taratibu, kwa adabu kabisa: bwana mkubwa kama wewe ungepaswa kutazama vizuri. Mkono huu, mguu huu, umeuona wapi kwa mtumishi? Halafu anacheka, ha ha ha, kila kicheko na noti yake, kinapanda mpaka juu kabisa, na wageni wote wanamwitikia.

Huo ni mpasho, jamani! Kwetu Unguja mama yangu angeshanyanyuka kitini, anakwenda mdogomdogo na noti ya pesa mkononi, anamtunza mwimbaji huku jicho likimtazama anayejijua. Hapa ukumbi mzima umebana pumzi. Makofi mpaka wimbo uishe. Miaka yote hii sijaizoea hali hiyo, na nasema wazi: wimbo wa kijembe unasikilizwa vizuri zaidi kwetu.

Lakini kuna jambo nawaonea wivu. Sehemu ya tatu ni jela, na mlinzi wake, Frosch, mlevi, haimbi hata neno. Hupewa mchekeshaji, naye huchomeka mambo ya mwaka huohuo. Kwa hiyo bibi na mjukuu wake wanacheka pamoja, kwenye mchezo wenye miaka zaidi ya 150.

Sisi tuna Siti binti Saad, mwimbaji wetu wa taarab. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi nyimbo zenye makali kuliko ya Adele, na watoto wa ndugu zangu wanamjua jina tu. Nautaka usiku mmoja kwa mwaka, Unguja nzima, nyimbo za Siti, na mtu wa kuchomeka mambo ya mwaka huo. Vyombo tunavyo, waimbaji tunao.

Saa sita kengele kubwa ya Pummerin inalia, redio zinapiga waltzi ya Danube, ya Strauss huyohuyo, na watu wanacheza barabarani kwenye baridi. Nami nacheza, kanga begani.